Kufuli ya Saba

Kitendawili. Haya, nimewasikia mkiitikia, hata wewe uliyejibu huku unatafuna. Nina askari saba mlangoni kwangu, wote wa chuma, wote macho, na mgeni kapita mchana kweupe bila kumsalimia hata mmoja.

Usinipe mji bado. Kaa nacho kidogo. Mzee Komeo mwenyewe hana jibu, na askari ni wake.

Tulimwacha wiki iliyopita mbele ya nyumba yake, saa sita mchana, ufunguo wa kwanza umeshaingia kwenye kufuli ya kwanza, ndipo sauti ya mwanamume ikamuuliza kutoka ndani: "Nani?"

Swali halali kabisa. Mtu aliye ndani ana haki ya kujua nani yuko mlangoni. Kasoro ilikuwa moja tu, kwamba nyumba ni ya Mzee Komeo.

"Mimi," alijibu Mzee Komeo. Ni mazoea, ukiulizwa nani, mdomo unasema mimi kabla kichwa hakijafika.

"Mimi nani?"

"Mwenye nyumba."

"Aa. Karibu basi," ilisema ile sauti. "Ila mlango umefungwa."

Kwa wale waliofungia sabuni gazeti la wiki iliyopita kabla ya kulisoma, habari yenyewe ni hii. Mzee Komeo alikuwa mtunza stoo wa bohari kwa miaka thelathini. Alipostaafu, miaka miwili iliyopita, bohari lilibaki kule lakini yeye hakutoka humo. Nyumba yake ya vyumba viwili na sebule anaitunza vile vile. Ukutani kapanda vipande vya chupa. Madirisha kayawekea nondo za kubanana hadi mwanga wa jua nao unaingia ubavu. Getini kuna kibao cha "Mbwa Mkali", na mbwa hakuna, maana mbwa anakula. Kila jioni shemeji yake hutumwa uani agonge bakuli na kusema kwa sauti, "Kaburi, kula taratibu," ili majirani waogope.

Na mlango. Mlango wa bati nene, ambao Mzee Komeo alimng'ang'ania fundi wa kuchomelea aufanye ufunguke kwenda nje, kama ule wa bohari. Fundi alisema mlango wa nyumba hufunguka kwenda ndani. Mzee Komeo akamuuliza ametunza bohari miaka mingapi. Fundi akachomelea. Upande wa kulia zikapigwa kufuli saba.

Pamoja na hayo yote, Jumanne tatu mfululizo mtu aliingia. Hakuchukua hata sindano. Alisogeza kiti karibu na dirisha, akahamisha redio kwenye kituo cha taarabu, akanywa chai, kisha akaosha kikombe na kukifudikiza. Kufuli zote saba zimefungwa. Uzi mweusi ambao Mzee Komeo huufunga kati ya kufuli ya mwisho na fremu, mzima.

Mwizi gani anaosha kikombe? Mzee Komeo alikaa, akafikiri kwa nguvu zake zote, akatoa hukumu: mtu wa ndani. Mkewe ni mkunga, na Jumanne huwa zahanati na mashahidi ishirini wenye matumbo mbele yao. Akabaki Shemeji, mdogo wa mkewe, binti anayejifunza ushonaji. Mtihani wake ni Ijumaa hii. Cherehani yake iko mle sebuleni, na paa jingine hana. Kwao ni safari ya siku nzima, na chuo cha ushonaji huko hakuna.

Hukumu ilikuwa hivi. Jumanne hii watatoka wote watatu. Funguo zote mfukoni mwa Mzee Komeo. Mkunga ataomba ruhusa, Shemeji ataketi ubavuni mwa shemeji yake, begi lake limefungwa tayari. Wakirudi wakakuta nyumba haikuguswa, basi ni dhahiri mwizi alikuwa amekaa ubavuni, na aende moja kwa moja kituo cha mabasi.

Akili nyingi huondoa maarifa. Walirudi, kufuli zimefungwa, uzi mzima. Mzee Komeo akatabasamu, akamwambia binti wa watu, "Safari njema, shemeji." Akaingiza ufunguo. Na ile sauti ikauliza nani.

Sasa twende.

Shemeji aliweka begi chini.

"Shemeji," alisema, "mimi niko hapa."

"Nimeona."

"Niangalie vizuri. Mikono miwili, miguu miwili."

"Nimesema nimeona."

"Basi siko ndani."

Mzee Komeo hakuwa mtu wa kushindwa na jambo dogo kama ukweli. "Uko nje, lakini siri ya kuingia umempa wewe."

"Siri gani? Mimi mwenyewe nikitaka kuingia nasubiri robo saa ufungue."

"Begi lako usilifungue," alisema Mzee Komeo. "Namtoa huyu kwanza, wewe unafuata."

Mkunga alikuwa amesimama nyuma yao, bado na sare ya kazi. Huyu ni mwanamke ambaye kwa miaka miwili amepima watoto wachanga kwa mizani ya kuazima kwa muuza viazi, maana mizani mpya waliyoahidiwa zahanati haijafika hadi leo. Mtoto akizaliwa siku ya soko, husubiri viazi viishe. Kwa hiyo subira anayo. Lakini subira nayo ina mwisho wake.

"Mume wangu, humu ndani tunaibiwa nini?"

"Mali."

"Mali ipi? Viti vinne, kimoja kimefungwa kamba. Au ni lile sanduku chini ya kitanda? Nilikuuliza siku ulipolipiga kufuli, ukaniambia kuna mvua inakuja. Kuna nini kwenye lile sanduku?"

"Nishikie hizi," alisema Mzee Komeo, akampa funguo sita.

Wiki ya tatu hiyo swali linaulizwa, na wiki ya tatu Mzee Komeo anajibu kwa mikono.

Kufungua kulianza. Na hapo, wasomaji wangu, ndipo mtajua faida ya kuwa mwerevu kuliko mwizi. Mzee Komeo alikuwa ameandika namba kwenye kila ufunguo, halafu, ili kumchanganya mwizi, akaziandika kinyumenyume. Ufunguo wenye namba moja unafungua kufuli ya saba. Wenye namba mbili unafungua ya sita, isipokuwa pale alipobadilisha tena mwezi uliopita, na alibadilisha zipi hakumbuki.

"Huo umeshaujaribu," ilisema sauti kutoka ndani.

"Nyamaza wewe."

"Nakusaidia tu. Nasikia mlio wake. Huo ni mrefu, jaribu mfupi."

Mzee Komeo alijaribu mfupi. Kufuli ikafunguka. Hakusema asante.

"Kaburi," aliita kwa nguvu, akiangalia upande wa uani. "Kaburi, kamata."

"Mbwa hayupo, bwana," ilisema ile sauti kwa upole. "Jumanne ya nne hii niko hapa, sijaona hata unyoya. Bakuli nimeliona. Ni safi sana."

Shemeji aligeuka akaangalia ukuta, mabega yakimcheza. Mtu anayefukuzwa hapaswi kucheka, lakini kicheko hakisomi hukumu.

Kufikia kufuli ya tatu, jirani wa ng'ambo ya njia, yule tunayemwita Redio kwa sababu haishiwi betri, alikuwa ameshafika na kigoda chake.

"Mmejifungia nje?" aliuliza.

"Kuna mwizi ndani," alisema Mzee Komeo.

"Na ninyi mko nje?"

"Kama unavyoona."

"Aisee," alisema Redio, akaketi. "Na kufuli zote hizi. Mimi mlango wangu naubana na jiwe, sijawahi kupata mgeni."

"Niende kuita polisi?" aliongeza.

"Nenda," alisema Mkunga.

"Usiende," alisema Mzee Komeo.

Wote walimgeukia. Huyu ndiye mtu ambaye kwa wiki tatu amekuwa akiwaombea wezi polisi, jela, na radi. Leo mwizi yuko mkononi, na polisi hatakiwi.

"Ni mambo ya ndani," alisema Mzee Komeo, jasho likimshuka sikioni. "Nitayamaliza mwenyewe. Zimebaki tatu."

Akaingiza ufunguo kwenye kufuli ya tano, akauzungusha kwa hasira za kufuli zote nne zilizotangulia, na ufunguo ukakatika. Nusu ikabaki mkononi, nusu ikabaki kazini.



"Nimesikia kitu kimekatika," ilisema sauti.

Mzee Komeo aliificha ile nusu mfukoni.

"Ni ufunguo?"

"Ndiyo," alisema Shemeji, maana mtu akiuliza vizuri anajibiwa.

"Wa ngapi?"

"Wa tano."

"Poleni. Jua ni kali huko nje. Sogeeni basi, niwafungulie mimi."

Mzee Komeo alicheka kicheko kibaya. "Utafungua vipi, na kufuli tatu ziko huku nje?"

"Sogeeni tu upande wa kushoto. Na yule mama mwenye kigoda naye."

Redio alisogeza kigoda, kidogo, asikose kuona.

Mlango ukafunguka. Lakini haukufunguka pale penye kufuli. Ulifunguka upande wa pili, upande wa kushoto, taratibu kama ukurasa wa kitabu kinachosomwa kutoka mwisho. Kufuli tatu zilizobaki zilikuwa zimefungwa barabara, zimeng'ang'ania fremu kwa uaminifu wao wote, na mlango ukining'inia kwazo. Katika ule uwazi akasimama mzee mwembamba, kofia mkononi, kiganjani ameshika pini tatu za chuma.

Nipe mji sasa. Askari saba wanalinda mkono wa kulia. Mgeni kapita mkono wa kushoto. Mlango ukifunguka kwenda nje, bawaba zake nazo hukaa nje, na pini ya bawaba huhitaji msumari na jiwe tu, unagonga mara mbili, inachomoka. Mlango unauvuta, unaingia, unaurudisha. Ukitoka unazirudisha pini, unakwenda zako. Mzee Komeo alinunua kufuli saba, na bawaba hakuziangalia hata siku moja, maana mtu huangalia pale anapoweka mkono.

"Mlinzi," alisema Mzee Komeo. Sauti ilimtoka kama hewa kwenye tairi.

"Bwana stoo. Habari za siku nyingi."

"Unamfahamu?" aliuliza Mkunga.

"Ananifahamu, mama," alisema yule mzee. "Nililinda bohari lake miaka kumi na saba. Mlango ulikuwa kama huu huu. Nilimwambia, bwana stoo, bawaba ziko nje. Akaniambia mlinzi kazi yake kulinda, si kufikiri. Naona alilipenda jibu lake, kaja nalo hadi nyumbani."

"Huyu alifukuzwa kazi," alisema Mzee Komeo haraka. "Msimsikilize. Alifukuzwa kwa wizi."

"Ni kweli," alisema Mlinzi. "Kasha moja lilipotea zamu yangu. Lilikuwa na nini, sikuambiwa. Mlinzi haambiwi kilichomo, mlinzi huulizwa tu kiko wapi. Nikasema sijui. Wakasema basi ni wewe. Nikafungasha, nikaondoka."

Aliangalia begi la Shemeji pale chini, akaliangalia kwa muda, kama mtu aliyekutana na nguo yake ya zamani imevaliwa na mwingine.

"Karibuni ndani," alisema. "Chai ipo."

Waliingia kwao wakikaribishwa. Redio naye akaingia. Hakukaribishwa na mtu, lakini hakukataliwa.

Sebuleni kila kitu kilikuwa mahali pake. Cherehani ya Shemeji imefunikwa kitambaa ili isipate vumbi. Kiti kiko dirishani. Na katikati ya sakafu, limetolewa chini ya kitanda na kufutwa vizuri, lipo lile sanduku la bati, na kufuli yake ndogo haijaguswa.

Mzee Komeo aliliona, akatafuta ukuta wa kuegemea.

"Mbona hukulivunja?" aliuliza Redio, ambaye alikuwa akifikiria jambo hilo hilo kwa niaba yetu sote.

"Mimi mlinzi, mama, sivunji. Jumanne ya kwanza nililitafuta. Ya pili nikaliona. Ya tatu nikakaa nalo nikanywa chai, nikiwaza nifanyeje. Leo nikasema nitamsubiri mwenyewe, alifungue mbele ya watu wake."

"Lakini ulijuaje kwamba lipo?" aliuliza Mkunga.

"Nililibeba mimi. Siku ya mwisho ya bwana stoo kazini, alinitwisha kichwani hadi kwenye mkokoteni. Akaniambia ni vitabu vyake vya zamani. Kila nikipiga hatua, kitu ndani kinalia kri, kri. Mimi sijasoma sana, mama, ila kitabu hakilii kri. Wakati ule sikuwaza. Kesho yake kasha likatafutwa, nikafukuzwa, nikawa na njaa ya kuwaza, kri nikaisahau."

"Nani alikukumbusha?"

Mlinzi alimwonyesha Redio kwa kidevu.

"Mimi?" alisema Redio. "Mimi nilisema nini?"

"Ulisema sokoni, ukicheka, kwamba bwana stoo kapiga kufuli ya saba kwenye nyumba yenye viti vinne. Nikasimama pale pale na vitunguu vyangu. Ningesikia kufuli moja, ningepita. Mbili, ningesema mtu anaogopa. Saba, mama, mtu hazuii mwizi asiingie. Anazuia kitu kisitoke."

Hii sasa, wasomaji wangu, ndiyo hasara ya kufuli. Moja inasema nyumba imefungwa. Saba zinapiga mbiu.

Mzee Komeo alipata sauti yake, na kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu ilikuwa sauti tamu.

"Jamani," alisema, "hapa hakuna kesi. Mlinzi, umekunywa chai, hakuna ubaya. Nenda zako kwa amani, sikushitaki. Mlango nitaita fundi. Na shemeji naye basi, kwa kuwa begi limeshafungwa na gari lipo, aende akawasalimie wazee. Tutaitana baadaye, mambo yakitulia."

"Mimi tena?" alisema Shemeji. "Si umeona aliyekuwa anaingia? Si umeona alipopitia?"

"Nimeona. Lakini nyumba ikishaingia maneno, shemeji, hupunguzwa watu."

"Nina mtihani Ijumaa."

"Mitihani haiishi duniani."

Binti alimwangalia dada yake. Hakulia, alikuwa amelia wiki iliyopita na ile ya kabla yake, na alishaona halisaidii. Aliinama akashika mkono wa begi.

Mkunga alifika kwanza. Hakumnyang'anya begi mdogo wake, hakupaza sauti. Alilisukuma kwa mguu hadi mlangoni, pale mlango ulipokuwa ukining'inia vibaya, akaketi juu yake, katikati ya njia, na sare yake na viatu vyake vya kazi, kama mtu aliyekaa kumsubiri mtoto ambaye hana haraka ya kuzaliwa.

"Hatoki mtu hapa," alisema. "Mlinzi alifukuzwa na begi lake kwa kitu ambacho hakukijua. Mdogo wangu yuko na begi lake kwa kitu ambacho hakukijua. Wote wawili walisemewa na mdomo mmoja. Nimekuuliza wiki ya kwanza ukaniambia mvua. Nimekuuliza mlangoni ukanipa funguo. Sasa huna funguo wala mvua. Kuna nini kwenye sanduku?"

"Mke wangu, mbele ya watu?"

"Ulipomwambia mdogo wangu mwizi ulimwita chumbani?"

Redio alifungua mdomo, akaufunga. Mjue basi mambo yalikuwa mazito.

Mzee Komeo aliangalia mlango. Pale pa bawaba jua lilikuwa linaingia lote, kwa mara ya kwanza tangu nondo ziwekwe, likafika hadi kwenye sanduku. Alipeleka mkono shingoni, akavuta uzi kutoka ndani ya shati, na mwisho wa uzi kulikuwa na ufunguo mdogo, wa nane, ambao hakuuandika namba yoyote.

Mlinzi alivaa kofia yake, akaivua tena.

"Nauliza mara ya mwisho," alisema Mkunga. "Halafu namwambia Redio awaite polisi. Kuna nini?"

Mzee Komeo aliuweka ule ufunguo juu ya sanduku. Alipojibu hakumwangalia mkewe; aliangalia viatu vyake vya kazi.

"Mizani yako," alisema. "Ile ya kupimia watoto. Iliniponyoka mikononi, kioo kikavunjika, na nilikuwa nimebakiza siku moja tu nistaafu bila doa."